Karatasi ya Kugeuzia: Mhadhara kwa Wanaohudumia Wagonjwa Majumbani

Nimepewa dakika 40 na orodha ya mambo saba. Saba hayatoshi humo, nawaambia mapema. Na mlionisikia kabla ya leo mnajua ninaanzia wapi: matakoni. Chekeni tu. Huko ndiko vidonda vya kulalia vinakotokea, na ndiko huduma ya nyumbani inakopimwa.

Nyie wenye ofisi zinazopeleka wahudumu majumbani hapa Dar es Salaam, mteja akija mnamwonesha sare, kitambulisho, usajili wa kampuni. Ni sawa. Na anayejiita muuguzi lazima awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, hilo sijadili na mtu. Lakini leseni haimgeuzi mgonjwa. Mkaguzi mwenye akili akiingia chumba cha mgonjwa wa kiharusi ataomba vitu viwili tu: afunuliwe mgongo wa mgonjwa, na aoneshwe karatasi ya kugeuzia, ile inayoandikwa kila mgonjwa anapobadilishwa upande. Karatasi ikikosekana, hana haja ya kukagua kingine.

Kidonda cha kulalia, kile kinachompata mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa, mara nyingi hakianzi kwenye ngozi. Mishipa midogo ya damu inabanwa kati ya mfupa na godoro, nyama ya ndani inakosa damu na kufa, na ngozi ndiyo ya mwisho kutoa taarifa. Ndiyo maana ndugu wanaapa kwamba kidonda "kimetokea jana". Jana kilipasuka. Kilikuwepo.

Na vitabu vinawadanganya hapa. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi utautafuta wekundu mpaka kidonda kikukute. Tumia kiganja. Linganisha pale penye mfupa na ngozi ya jirani: pana joto zaidi, au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama unga uliokandwa? Pameiva kuelekea zambarau? Mgonjwa anakunja uso ukigusa? Dalili moja inatosha: hapo hapalaliwi tena mpaka pamerudi kawaida. Kagua mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega, kisogo na masikio. Mara mbili kwa siku, wakati wa kuoga na kabla ya kulala, taa ikiwa imewashwa.

Sasa kugeuza. Hospitali inaruhusu mgonjwa na kusema "mkawe mnamgeuza", basi. Mnamgeuzaje? Wengi wanamlaza ubavu kabisa, ukuta kwa uso. Hapo mmetoa uzito matakoni mkauweka wote juu ya mfupa wa nyonga, ambao hauna nyama hata ya kujivunia. Kinachotakiwa ni kumwinamisha ubavuni nyuzi 30 tu kutoka chali. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, ianzie mabegani ifike mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, mnaviringisha kingo za shuka mpaka karibu na mwili, mnahesabu pamoja, mnainua ndipo mnamsogeza. Kumburuta ni kumchuna: ngozi inabaki kwenye shuka, mfupa unakwenda. Kisha mto mmoja nyuma ya mgongo, kutoka begani mpaka takoni. Mwingine katikati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa kitu. Ukimaliza, pitisha kiganja chini ya mfupa wa matakoni. Kisipopita, hamjafanya kitu, rudieni.

Karatasi yenyewe haihitaji kompyuta. Ni karatasi ya daftari yenye safu nne: saa, upande, hali ya ngozi, jina la aliyegeuza. Saa 12 asubuhi kushoto, saa 2 chali, saa 4 kulia, na kuendelea. Inajazwa pale pale. Karatasi ya siku nzima iliyojazwa yote jioni, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ni hadithi ya kubuni, na mjue mkaguzi anaijua.

Najua mnachotaka kusema. "Nyumbani kuna dada mmoja, usiku atalala saa ngapi?" Swali la haki. Kila baada ya saa mbili ndipo mnapoanzia. Ngozi ikikaa safi siku kadhaa, na godoro likiwa zuri, usiku mnaweza kusogeza iwe kila baada ya saa tatu, hata nne, huku mnakagua. Ikionesha dalili mnarudi kwenye mbili. Godoro zuri ni lipi? Ingiza mkono chini ya godoro, kiganja juu, pale mgonjwa alipokalia. Ukiuhisi mfupa wake, au kukiwa na sponji isiyofika inchi moja kati yenu, godoro hilo limekufa, hata kama limenunuliwa mwaka jana. Na godoro la upepo halifuti kugeuza! Linasaidia, tena umeme ukikatika linalegea, na mgonjwa anabaki amelalia chaga.

Mwingine atauliza glovu zilizojazwa maji chini ya visigino. Zitupeni. Glovu inahama, na yenyewe inagandamiza. Ile pete ya mpira ya kukalia nayo inabana damu kuzunguka pale pale unapopaokoa. Kusugua sehemu iliyoanza kubadilika kwa spiriti au mafuta ya nazi kunararua nyama ambayo tayari imechoka. Na kidonda kikishafunguka, msikipake ile dawa ya rangi ya zambarau. Kinapendeza machoni, lakini hakuna tena anayeweza kuona kama ndani kuna nyama hai au iliyooza. Kioshwe kwa maji ya chumvi safi, kifunikwe, muuguzi aitwe. Kikitoa harufu, au mgonjwa akipata homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Pempasi mbili juu ya moja "ili zidumu" ni joto na unyevu mara mbili. Badilisha ikilowa, osha, kausha kwa kugusa, paka mafuta ya mgando kiasi kidogo. Kinyesi kikigusa ngozi dakika ni nyingi.

Naoneshwa saa. Haya, mbio mbio.

Chakula: mgonjwa akae wima anapokula, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima, ndipo umshushe kitanda; ukimwacha wima zaidi ya hapo atateleza kuelekea miguuni na matako yatachunika. Anayelishwa kwa mpira wa puani: kila mlo angalia alama ya mpira haijahama, vuta majimaji kidogo, karatasi ya kupimia asidi isome 5.5 au chini. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo si kipimo.

Dawa: si kila kidonge kinasagwa. Nifedipine, dawa ya presha, iliyoandikwa retard kwenye pakiti imetengenezwa itoke polepole. Ukiisaga umempa yote kwa mkupuo na presha inaporomoka. Kabla ya kutwanga chochote, piga simu kwa mfamasia.

Mpira wa mkojo: mfuko uwe chini ya kiwango cha kibofu daima, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Mnapomgeuza mgonjwa mfuko msiuweke juu ya tumbo lake, naliona hilo kwenye picha zenu za matangazo.

Jik: soma chupa. Ikiwa ni asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji sita ndiyo dawa ya damu iliyomwagika, iache dakika kumi. Changanya kila siku upya.

Sindano na mkataba wa mhudumu vimebaki, mtanidai. Kitanda kiko hapa mbele na shuka na mito mitatu. Nahitaji mmoja alale na wawili wamgeuze, na wa kulala nataka awe mwenye ofisi.