Msikiti wa Atia na ardhi iliyoulisha

Assalamu alaikum warahmatullah. Wazee wangu, mama zangu kule nyuma, na nyinyi vijana mliokaa mkekani hapa mbele, ahsanteni sana kwa kuja na joto hili. Najua tangazo lilisema mhadhara ni juu ya msikiti wa Bengal na wengine mmeniuliza pale mlangoni, sasa Bengal na sisi wapi na wapi? Subirini, ntafika. Kuna karatasi ya kesi imetoka kule ikaja mpaka hapa Mombasa ikagusa nyumba na mashamba ya mababu zetu, ila siwezi kuanza nayo, lazima nianze na kijiji.

Kijiji chenyewe chaitwa Atia. Kiko Bangladesh, ambayo zamani ilikuwa upande wa mashariki wa Bengal, wilaya ya Tangail, ukitoka Dhaka waelekea kaskazini magharibi. Ni nchi tambarare, mpunga, mabwawa, na mto Lohajang unapita karibu. Ukiwahi kuiona noti ya zamani ya Bangladesh ya Taka 10, zile za mwisho wa miaka ya 70 na za miaka ya 80, basi umeuona msikiti huu, maana ndio uliochorwa pale. Nchi nzima ilikuwa ikitembea nao mfukoni, ananunulia mtu chai na mkate.

Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, mwaka unaotajwa zaidi ni 1609, wakati Jahangir ndiye mfalme wa Mughal kule India. Aliyejenga ni Said Khan Panni, mtoto wa Bayazid Khan Panni. Hawa wa ukoo wa Panni ni Waafghani kwa asili, na hapo msipapite haraka. Waafghani wa ukoo wa Karrani ndo waliokuwa wakiitawala Bengal mpaka 1576 walipopigwa na jeshi la Mughal, na hata baada ya hapo wale wakubwa wa mashambani waliendelea kupigana miaka na miaka, kiongozi wa mwisho wa Kiafghani, Usman Khan, aliuliwa vitani 1612. Sasa fikiria wewe ni Said Khan, Mwafghani, watu wa kabila lako bado wako vitani na mfalme, halafu mfalme huyohuyo akupa ardhi. Utafanya nini? Yeye alijenga msikiti. Mimi naamini ule msikiti ulikuwa ibada, sina shaka na hilo, lakini ulikuwa pia ni njia ya kumwambia kila mtu, mimi nipo hapa, sihami.

Na ardhi aliipata vipi? Inavyosimuliwa, kulikuwa na sheikh aliyetoka upande wa Kashmir, wamwita Shah Baba Adam Kashmiri, kaburi lake lipo hapohapo Atia mpaka leo watu wanalizuru. Huyu sheikh alikuwa amepewa eneo lile aendeshe kazi ya dini, na Said Khan alikuwa muridi wake, yaani mwanafunzi wake wa njia ya dini, basi uzee ulipomfika akampendekeza muridi wake kwa mfalme. Na jina Atia lenyewe wanalirudisha kwenye Kiarabu, ata, kupewa, kitu cha kutunukiwa. Akina Atiya tunao wengi hapa kwetu, jina lao ndo hilo, tunu.

Sasa njooni tuuangalie kwa karibu. Sisi watu wa pwani tumezoea msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe liko baharini unalikata tu. Bengal jiwe ni adimu. Karibu nchi nzima ni udongo ulioletwa na mito, ukichimba siku tatu hukutani na jiwe la kumpigia kuku. Basi wakachukua udongo wakafinyanga matofali wakayachoma, na yale ya kwenda kwenye uso wa msikiti wakayachonga maua kabla ya kuyatia motoni. Ukisimama mbele ya Atia, upande wa mashariki, ukuta mzima ni maua ya mviringo, duara ndani ya mraba, mraba ndani ya fremu, na ukisogea karibu unaona hakuna ua lililofanana na jenzie sawasawa kwa sababu kila moja lilipita kwenye mkono wa mtu. Milango mitatu kwa mbele. Unapita kwanza baraza yenye kuba tatu ndogo, halafu ndani kuna chumba cha mraba chenye kuba moja kubwa, na mihrabu ziko ukuta wa magharibi, maana wao kibla chao ni magharibi. Urefu ni mita 18 na kitu kwa upana wa mita 12 na kitu, sio mkubwa jamani, lakini unene wa kuta wapita mita 2! Mtu mzima akilala kwa kukatisha ukuta hafiki upande wa pili. Kwenye pembe nne kuna minara minene ya pembe nane.

Na kuna kitu kimoja kinanipendeza kuliko vyote. Ule ukingo wa juu wa ukuta, pale ukuta unapoishia chini ya kuba, haukunyooka. Umepinda kama upinde, katikati juu, pembeni unashuka. Kwa nini upinde ukingo wa jengo la matofali? Kwa sababu nyumba ya mkulima wa Kibengali ni ya mianzi, na mwanzi ukiufunga kuwa paa unapinda, na ile pinda inasaidia mvua ya masika yao iteremke haraka. Mafundi wa misikiti ya masultani wa Bengal, miaka mia na mia mbili kabla ya Atia, waliichukua ile pinda ya kibanda wakaitia kwenye tofali. Kwa hiyo mfalme ni wa Mughal, mwenye ardhi ni Mwafghani, sheikh ni wa Kashmir, lakini paa ni la mkulima. Ndo kama mtu ajenge msikiti wa saruji hapa leo halafu auwekee mteremko wa makuti.

Haya. Msikiti umejengwa, watu wanaswali. Swali langu la leo ni hili, nani aliulisha? Maana msikiti unakula. Mafuta ya taa, mkeka, imamu na watoto wake, chokaa, paa likivuja. Unakula kila siku miaka mia nne.

Ulikula ardhi. Ukoo wa Panni waliendelea, karne baada ya karne, baadaye makao yao yakawa Karatia, sio mbali na Atia, na wakawa ni mazamindari, yaani wenye ardhi wakubwa ambao wakulima wanawalipa wao na wao wanailipa serikali. Walipokuja Waingereza, mwaka 1793 gavana Cornwallis akaweka utaratibu ambao kodi ya serikali imefungwa hapohapo milele, katika kila sehemu 11 zinazokusanywa kwa mkulima 10 ni za serikali na 1 ya zamindari, na ukichelewa siku ya kulipa, jua likizama hujalipa, ardhi yako yaenda mnadani. Waliita sheria ya jua kuzama. Familia kubwa za zamani ziliporomoka kwa sheria ile. Mwenye kubaki ni aliyebana sana, na aliyebanwa ni nani? Ni yule wa mpunga na juti, ile ya magunia, yule ambaye paa la nyumba yake ndo limechorwa juu ya msikiti. Nawaambia hivi kwa sababu tukisifu familia tajiri iliyojenga msikiti tunasema fulani alijenga, na jina lake limeandikwa kwenye jiwe juu ya mlango, na ni haki yake, lakini kila sarafu ilipita kwanza kwenye mkono wenye tope. Siwezi kumsifu Said Khan nikamwacha huyu, nafsi inanisuta.

Na kuna wengine tunawasahau, waliotengeneza. Mwaka 1837 msikiti wa Atia ulitengenezwa na mwanamke, Rowshan Khatun Chaudhurani. Mama zangu mmesikia? Zaidi ya miaka mia mbili baada ya kujengwa, mwanamke mwenye ardhi yake ndiye aliyetoa mali msikiti usimame. Halafu ukatengenezwa tena 1909, safari hii wakashirikiana watu wa Ghuznavi wa Delduar na Wajed Ali Khan Panni wa Karatia. Delduar ni hapohapo jirani, na ile nyumba ya Ghuznavi ndo aliyoolewa Karimunnesa, dada yake Begum Rokeya, yule mwandishi aliyepigania wasichana wa Kiislamu wasome. Karimunnesa alipokuwa mdogo alikatazwa Kibengali, akawa anawasikiliza kaka zake wakisoma, halafu anachukua kijiti anachora zile herufi kwenye udongo wa uani. Akaozwa mapema, akafiwa na mume bado kijana, na akawasomesha wanawe mpaka wakawa watu wakubwa serikalini. Nikisoma habari ya kile kijiti huwa naona udongo uleule, mmoja umechorwa maua ukachomwa ukapandishwa ukutani, mwingine umechorwa herufi ukafutwa kwa mguu kabla baba hajatoka.

Wajed Ali Khan Panni huyo ndo nataka mumjue. Watu walimwita Chand Mia. Amezaliwa 1871, zamindari, ana kila kitu, na 1921 akafungwa jela na Waingereza kwa kujiunga na harakati za Khilafat, zile za Waislamu wa India kuutetea ukhalifa wa Uturuki, na kugoma kushirikiana na serikali. Angeweza kukaa kwake akala kodi. Alipotoka hakuketi, mwaka 1926 akafungua chuo pale Karatia, akakiita Sa'dat kwa jina la babu yake, na mkuu wa kwanza akawa mwandishi Ibrahim Khan. Kijijini jamani, sio Kolkata, sio Dhaka! Mtoto wa mkulima anatembea kwa miguu anaenda chuo. Na mali yake akaiweka wakfu kwa ajili ya elimu. Akafariki 1936, na mwaka 1950 serikali ya Bengal ya Mashariki ikapitisha sheria ya kuondoa uzamindari wote, mkulima akawa anailipa serikali moja kwa moja. Ukubwa wa Panni kama wenye ardhi ukaisha hapo. Chuo kipo, sasa ni cha serikali. Msikiti upo, unatunzwa na idara ya mambo ya kale, na watu wanaswali ndani yake. Yale mashamba waliyojiwekea wenyewe ndo hayapo.

Sasa nimefika kwenye ile karatasi. Nisikilizeni vizuri hapa, vijana zima simu kidogo.

Bengal hiyohiyo, upande wa mashariki, ndugu wawili wenye ardhi waliandika wakfu wakasema mali hii ni ya watoto wetu na wajukuu wetu kizazi hata kizazi, na kizazi kikikatika iende kwa maskini. Sisi tunaijua hiyo, ndo wakfu ya familia, mababu zetu wote waliandika hivyo. Kesi ikaenda mpaka London, Baraza la Privy, ndo mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Waingereza, na mwaka 1894 wale majaji wakasema hii sio wakfu, haki ya maskini iko mbali mno, ni ya jina tu, mnatumia dini kufungia mali ya ukoo. Ikavunjwa. Waislamu wa India walilia sana, na wale mawakili wao hawakulala, 1913 wakapata sheria ya kuirudisha wakfu ya familia. Lakini ile sheria ilikuwa ya India. Huku kwetu haikufika. Huku iliyofika ni ile hukumu! Mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kuifuata, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu ya familia moja ya hapahapa Kenya ikafika London na majaji wakajibu vilevile, tunafuata ile ya 1894. Yaani ndugu wawili wa Bengal wanaandika karatasi yao chini ya mwembe huko, na baada ya miaka zaidi ya themanini familia ya Kenya inaambiwa karatasi yao ya wakfu haina nguvu. Ilibidi na sisi tutungiwe sheria yetu ya wakfu, ya 1951.

Kwa hiyo mkiniuliza tena Bengal na sisi wapi na wapi, jibu ndo hilo. Najua humu ndani kuna nyumba zina karatasi kama hizo, ziko kwenye kasha chini ya kitanda, zimeandikwa kwa Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu na hakuna anayezisoma, na watoto wanagombania kiwanja bila kujua babu alisema nini. Jumapili ijayo baada ya alasiri ntakuwa hapa, na kutakuwa na mzee mmoja anayesoma hati hizo vizuri. Mwenye nayo aje nayo. Msiikunje upya, msiipige plastiki, ileteni ilivyo ndani ya bahasha, na kama imechanika leteni na vile vipande.