Panya Ametulia, Damu Yake Je?

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, na hasa ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma.

Nianze na dawa mnayoijua. Mzazi aliyewahi kukimbiza mtoto hospitali usiku kwa degedege huenda alimwona muuguzi akimpitishia dawa kwa njia ya haja kubwa, na baada ya muda kidogo viungo vikalegea. Mara nyingi dawa hiyo huwa ni diazepamu, au valiamu kama wengi wanavyoiita. Hiyohiyo hutumika pia kutuliza wasiwasi wa mtu mzima. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1963, miaka 3 baada ya ndugu yake mkubwa, klorodiazepoksidi. Zote mbili ni kazi ya mkemia Leo Sternbach, akiwa kampuni ya Hoffmann-La Roche huko New Jersey.

Swali langu la leo ni hili: dawa hizi zinapomtuliza mnyama, je, homoni ya msongo iliyomo katika damu yake nayo hushuka? Wengi tungejibu haraka kwamba ndiyo. Ukiwauliza panya wa maabara, jibu si jepesi hivyo.

Panya akihisi hatari, sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutuma ujumbe kwa njia ya damu mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na hizo ndizo zinazomwaga homoni. Kwetu binadamu homoni hiyo ni kortisoli. Kwa panya ni kortikosteroni. Nawasihi msiione kama adui, maana ndiyo inayosaidia mwili kupata sukari ya kupambana na hatari. Taabu huja ikikaa juu siku baada ya siku. Mwaka 1936, akiwa Montreal, Kanada, mtafiti Hans Selye alieleza alichokikuta ndani ya panya walioteswa kwa baridi, majeraha na sumu: tezi za juu ya figo zimekua, thimasi, yaani tezi ya kinga iliyo kifuani, imesinyaa, tumbo lina vidonda. Mateso yalikuwa tofauti, dalili zikawa zilezile.

Diazepamu inaingia wapi hapo? Ubongo una kemikali yake ya kupoza, iitwayo GABA. Diazepamu haipozi yenyewe. Huishika GABA mkono ili ikaze zaidi. Mwaka 1977 watafiti wa Denmark na wenzao wa Uswisi walionyesha kuwa ubongo wa panya una mahali maalumu panapopokea dawa za aina hii. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo ya kupendeza mno katika somo letu.

Sasa tuje kwenye damu. Mbane panya ndani ya mrija mwembamba ambao hawezi kugeuka, na kortikosteroni yake itapanda. Ukimpa diazepamu kidogo kabla ya kumbana, itapanda kwa kiasi kidogo zaidi. Hapo ni kama tulivyotegemea. Lakini mchukue panya mwingine aliyejilaza kwenye kizimba chake, hana shida na mtu, umpe kipimo kikubwa cha dawa hiyohiyo: homoni inapanda! Mnyama amelegea, damu yake inasema ameshtuka. Ukiendelea kumpa kila siku, mwili huizoea na kule kupanda hufifia.

Kuna pia dawa iitwayo busipironi, inayopita njia ya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Nayo hupunguza wasiwasi, lakini kwa panya hupandisha kortikosteroni. Ndiyo maana sikubaliani na anayepima homoni peke yake kisha akatangaza kwamba mnyama ana hofu au hana. Mwangalie na mwenendo wake. Tunacho kifaa cha njia nne zilizoinuliwa juu, mbili zina kuta na mbili ziko wazi. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta; aliyepewa diazepamu huthubutu kutoka.

Upimaji wenyewe unadai uangalifu ambao vitabu huutaja kwa sentensi moja tu. Kumshika panya tu kunatosha kumpandishia homoni, kwa hiyo damu hutolewa ndani ya kama dakika 3. Ukimtoa wa kwanza kizimbani, waliobaki wameshajua kuna jambo. Halafu panya ni mnyama wa usiku: kortikosteroni yake hufika kileleni giza linapoanza kuingia, wakati kortisoli yetu huwa juu asubuhi. Aliyepima kundi moja saa tatu asubuhi na jingine saa kumi na moja jioni amepima saa, hakupima dawa.

Na sindano nayo ni msongo. Nikipewa matokeo ya utafiti wa namna hii, kabla sijasoma neno lolote kuhusu dawa, huwatafuta kwanza panya waliochomwa maji ya chumvi matupu. Nataka kujua homoni yao ilipanda kiasi gani.