Kipimo Kinachoishia Kabla ya Kona

Ndugu wasikilizaji, jambo hili la kupima utelezi wa barabara hadi ndani ya kona nimelisema mara nyingi hata baadhi yenu mnaweza kunimalizia sentensi, lakini nitalirudia maadamu ripoti zinaendelea kuandikwa vilevile. Nililetewa ripoti nene kuhusu utelezi wa barabara kuu moja. Sehemu zilizonyooka zilijaa namba, ilhali kwenye njia za kuingilia na kutokea palichorwa kistari tu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba trela la kupimia halikuweza kushika mwendo wake kwenye kona. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana linanikera: chombo kinashindwa pale pale ambapo dereva naye hushindwa.

Tufanye hesabu. Kona yenye nusukipenyo cha mita 50 na mwinamo (yaani barabara kuinamishwa kuelekea ndani ya kona) wa asilimia 6, ikipitwa kwa kilomita 50 kwa saa, hudai msuguano wa ubavuni, yaani ule unaozuia gari lisiteleze kwenda pembeni, wa takriban 0.33. Gari likiingia kwa kilomita 65, dai hilo hufika takriban 0.60. Kilomita 15 tu zimekaribia kulifanya mara mbili, na anayetoka barabara kuu, akiwa amekwisha kuuzoea mwendo mkubwa, huziongeza bila hata kujua. Hapo hapo tairi zinazofunga breki na kupinda zimekwisha kuzisugua kokoto za lami hadi zikawa laini na za kuteleza kuliko mahali pengine popote.

Najua mtaniambia: basi trela lipunguze mwendo. Kwa kawaida trela hilo hufunga gurudumu likiwa kwenye kilomita 64 kwa saa, juu ya lami iliyomwagiwa maji. Lami yenye maji hutoa msuguano mkubwa zaidi mwendo unapopungua, kwa hiyo namba iliyopimwa kwa kilomita 30 huipendelea barabara, na huwezi kuisahihisha bila kujua ukwaruzi wa uso wake. Zaidi ya hayo, kwenye mwinamo maji hukimbilia upande wa chini na uzito wa trela huegemea gurudumu la nje. Wengine watanitajia pendulumu, yaani mkono unaobembea na kukwaruza lami kwa kipande cha mpira. Hicho ni chombo kizuri, lakini hupima kipande kidogo kama unyayo, kwa mwendo mdogo, na hudai njia ifungwe kwanza.

Badala ya hivyo, gari lenye gurudumu la kupimia lililogeuzwa nyuzi 20 kutoka uelekeo wa safari hupima mfululizo, hutoa wastani wa kila mita 10, na hupima nguvu ya ubavuni, ambayo ndiyo inayolishikilia gari kwenye kona. Uingereza hulitumia, tena imeweka viwango vya uchunguzi (msuguano ukishuka hadi hapo au chini yake, mahali hapo huchunguzwa) vya juu zaidi kwa kona kali kuliko kwa sehemu zilizonyooka.

Kuhusu kipimo cha mchanga, ambacho hukadiria ukwaruzi wa uso wa lami kwa kueneza mchanga juu yake, na mabadiliko ya msuguano kwa msimu, muda umenitupa mkono. Nitaongeza tu kwamba mchanga huo wa kupimia nao uenezwe ndani ya kona, kwenye mkondo wa magurudumu, wala si pale mwanzoni ambapo ni rahisi kuegesha gari.