Taa Iliyozimika Nayo Inasema

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Wanafunzi, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie swichibodi, ule ubao ambao opereta huunganishia simu za watu, nami nimechagua kitu kimoja tu: alama zake. Opereta hawaoni watu anaowaunganisha. Zile alama zilizo mbele yake ndizo macho yake. Anayejua kubonyeza vitufe lakini hajui kusoma alama bado hajawa opereta.

Kabla ya taa kulikuwa na vibati. Swichibodi ya kwanza ya kibiashara ilifunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, ikiwa na wateja 21, na miaka iliyofuata mbao zilijaa vibati, kila laini na chake. Mteja alizungusha mkono wa simu yake, jenereta ndogo iliyomo ndani ikazalisha umeme, umeme ukafika kwenye koili nyuma ya ubao. Koili ikawa sumaku, ikavuta ndoana, kibati kikadondoka na namba ikaonekana. Umeme ukikatika, kibati kilibaki chini. Naipenda sana kazi hiyo ya fundi, kwa sababu kibati kilikuwa na kumbukumbu: opereta akigeuka kumhudumia mwingine, akirudi anakikuta kinamngoja. Usiku kilipodondoka kiligusanisha nyaya, kengele ikalia.

Lakini kibati hakikujua mazungumzo yamekwisha saa ngapi. Ilibidi mteja azungushe tena ule mkono kuaga. Akisahau, laini inashikiliwa bure, na opereta analazimika kuingia katikati na kuuliza, "Mmemaliza?"

Mwishoni mwa karne ya 19 betri ilihamishiwa kwenye kituo cha simu, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mteja akinyanyua mkonga tu, njia ya umeme inafunga, relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, inavuta, taa ya laini yake inawaka. Opereta akichomeka plagi, relei ya pili inaikata ile taa. Sasa angalieni waya zenye plagi hizo: zinakuja mbili mbili, moja ya anayepiga, nyingine ya anayepigiwa, na kila moja ina taa yake.

Niwaulize: plagi zote mbili zimechomekwa, na taa zote mbili zimezimika. Maana yake nini? Nasikia mtu nyuma anasema simu imekatika. Hapana, mwanangu. Wanazungumza! Kila mmoja ameshika mkonga wake, umeme unapita kwenye laini yake, relei inaipora taa umeme, na taa inazima. Ikiwaka moja, huyo ama hajapokea, ama ameshaweka mkonga chini. Zikiwaka zote mbili, wamemaliza, chomoa. Na ikimetameta, mteja anakibonyeza na kukiachia kile kitako cha mkonga: anakuita.

Aliyeupanga mfumo huo alimjua opereta vizuri. Mtu mwenye jozi kumi na kitu za waya hawezi kutazama kila jozi. Kwa hiyo wanaoendelea vizuri waliachwa gizani, na mwanga ukawekwa kwa anayehitaji mkono wako.

Meza za kisasa hazina waya za kuchomeka, ila zimerithi lugha ile ile na kuiongezea mapigo. Kwenye simu za vitufe za Kimarekani, simu inayoingia iliwasha na kuzima taa mara 60 kwa dakika, sawa kwa sawa. Aliyewekwa asubiri, mara 120, taa ikiwaka muda mrefu na kuzima kidogo tu, kama mtu anayekonyeza. Ukishazoea, huhesabu tena, unatambua.

Kisha kuna kioo cha maandishi. Umeunganisha simu ofisini, haikupokewa, baada ya muda inarudi kwako, na kioo kinaonyesha ilikotoka. Soma kabla hujafungua mdomo! Sema, "Bado hawajapokea, nijaribu tena?" Ukimuuliza upya, "Unamtaka nani?", umemwambia kwamba umemsahau. Katika hospitali moja nilikuta taa ya simu zinazosubiri imebandikwa karatasi, eti inasumbua macho. Iliniuma. Nyuma ya karatasi ile palikuwa na watu wanaomtafuta daktari.

Sijasema lolote bado kuhusu maopereta wasioona, nao wapo, hapa kwetu na nje, na ni hodari. Kwao zilitengenezwa mbao zenye vijipini vinavyonyanyuka chini ya kidole badala ya taa, na pia kalamu ya kupapasia mwanga: ukiiweka juu ya taa inayowaka, inalia. Taa ikikonyeza, mlio nao unakonyeza.

Kalamu moja ya aina hiyo ninayo hapa mezani. Naomba mmoja wenu aje, afumbe macho, aniambie laini ipi inasubiri.