Jinsi ya Kuelewa na Kutumia Neno la Kiingereza “Laconic”

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulika na kivumishi kimoja tu cha Kiingereza: “laconic”. Hili ni neno utakalokutana nalo kwenye riwaya, kwenye tahakiki za filamu na kwenye makala za magazeti kuliko kwenye mazungumzo ya kawaida. Wengi hulipita wakisoma kwa sababu sentensi inaonekana kueleweka hata bila neno hilo. Mimi nalipenda sana na ningependa uondoke hapa ukiweza kulitumia. Kaa na kalamu na daftari, maana kuna mahali nitakuomba usimamishe video uandike.

Tuanze na matamshi. Tazama kwenye skrini: la-ko-nik. Silabi tatu, mkazo uko kwenye silabi ya kati: la-KO-nik. Ile “la” ya mwanzo itamke kwa wepesi, karibu uimeze. Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa kuwa umeshazoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ila usiongeze irabu mwishoni. Ukisema “lakoniki”, mkazo unahamia kwenye “ni” na msikilizaji anapotea. Malizia na “k” kavu. Ukimsikia Mmarekani akitamka hiyo “ko” kama inakaribia “kaa”, usishtuke, neno ni lile lile. Haya, sema nami mara mbili: laconic. Laconic.

Sasa maana. Mtu huitwa “laconic” akiwa anatumia maneno machache mno, na hayo machache yakatosha. Jibu nalo linaweza kuwa “laconic”, vivyo hivyo mtindo wa kuandika, hata ucheshi. Mfano huu uandike: “She gave a laconic reply.” Yaani alijibu kwa maneno mawili matatu, akaishia hapo.

Nikuoneshe kwa karibu. Rafiki anamwandikia mwenzake ujumbe mrefu kwenye simu: jinsi alivyokesha akisoma, jinsi mikono ilivyomtetemeka alipofungua karatasi ya mtihani, swali la tatu lilivyomchanganya, na sasa matokeo yametoka, je, mwenzangu umepata nini? Simu inalia. Jibu ni neno moja: “Passed.” Amefaulu. Jibu hilo ni “laconic” kwelikweli. Jambo zima limesemwa na hakuna kilichobaki kuulizwa.

Ukitaka neno likukae kichwani, jua lilikotoka. Kusini mwa Ugiriki kuna eneo linaloitwa Laconia, na mji wake mkuu enzi za kale ulikuwa Sparta. Watu wa Sparta walisifika kwa mambo mawili: vita, na kusema kidogo. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia na baba yake Alexander Mkuu, aliwatumia vitisho akisema kwamba kama angeivamia Laconia angewatimua wote. Wakamjibu kwa neno moja tu: “Kama.”

Simamisha video kidogo ulitafakari jibu hilo. Wamelichukua neno kutoka kwenye kitisho chake mwenyewe wakamrudishia. Hawakutukana wala hawakujigamba, na bado kila mtu anaelewa walichomaanisha. Kwa uaminifu wa historia niongeze kwamba Philip kweli aliingia Laconia mwaka 338 KK, baada ya ushindi wake katika vita vya Chaeronea, mji wa Ugiriki, akaharibu mashamba, lakini mji wenyewe wa Sparta hakuuteka. Jina la eneo hilo ndilo lililopita kwenye Kilatini likafika kwenye Kiingereza likiwa kivumishi.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, na hapa nitakaa zaidi: kulitofautisha na maneno yanayofanana nalo. Kamusi nyingi zinayaweka pamoja, na ukiyachanganya unaweza kumsema mtu vibaya bila kukusudia.

Chukua “curt”. Nalo ni ufupi wa maneno, lakini una ukali ndani yake. Ni kile tunachokiita kujibu kwa mkato: umeuliza kwa heshima, mtu anakujibu “Subiri” bila kuinua uso. Ukimwita mtu “curt” unamlaumu. Ukimwita “laconic”, mara nyingi unaeleza tabia yake ya kusema, na wakati mwingine unamsifu. “Terse” liko kati ya hayo mawili. Laweza kuwa sifa ya maandishi yaliyobanwa vizuri, lakini likitumika kwa kauli ya mtu, mara nyingi linadokeza kwamba kuna hasira au mvutano.

“Concise” halina tatizo lolote. Ni ufupi wa kazi: ripoti iliyoondolewa yasiyohitajika. Inaweza kuwa na kurasa kumi na bado ikawa “concise”. Haiwezi kuwa “laconic”.

Halafu kuna “taciturn”, na hapa ndipo wengi huteleza. Huyu ni mtu mkimya kwa asili, asiyependa kuongea. Waweza kukaa naye chumbani saa nzima asiseme kitu. Mtu aliye “laconic” anasema, tena anajibu kila anapoulizwa, ila anapima maneno. Ukimya mtupu hauwezi kuitwa “laconic”; lazima kuna kilichosemwa.

Sitakuficha jambo moja: ufupi huu unaweza kumwacha msikilizaji akihisi ubaridi, au akijiuliza kuna nini nyuma yake. Kwa hiyo soma sentensi zilizo jirani kabla ya kuamua kama mwandishi anasifu au analalamika.

Kwenye sarufi tutapita haraka. Neno linakaa kabla ya nomino, “a laconic man”, au baada ya kitenzi, “He was laconic”. Ukilinganisha, tumia “more laconic”. Kielezi chake ni “laconically”. Tahajia ina “ally” mwishoni lakini tunatamka la-KO-nik-li, silabi nne. Kinafaa sana kwenye masimulizi: “‘Maybe,’ he said laconically.”

Sasa zamu yako. Sentensi tatu ziko kwenye skrini. Simamisha video, uandike ipi ni sahihi na ipi ina kasoro.

Ya kwanza: “Her laconic humour made everyone laugh.” Ya pili: “He was so laconic that he never said a word.” Ya tatu: “It was a laconic meeting, we finished early.”

Umemaliza? Ya kwanza ni sahihi, na ni matumizi utakayoyaona mara nyingi: ucheshi wa mtu anayetupia neno moja, watu wakavunjika mbavu. Ya pili ina kasoro, kwa sababu asiyesema hata neno ni mkimya, weka “taciturn”. Ya tatu pia ina kasoro. Kikao kilichukua muda mfupi, na “laconic” hupima maneno, haipimi saa. Sema “a short meeting”. Lakini kama mwenyekiti alifungua kikao kwa sentensi moja akaketi, hapo unaruhusiwa kabisa kuandika: “The chairperson’s opening remarks were laconic.”

Sasa tunga sentensi yako moja kuhusu mtu unayemfahamu, uisome kwa sauti, na usikilize kama mkazo umeangukia kwenye “KO”.