Bwasa ya Msimu Mmoja: Mhadhara Uliotolewa Bukavu, Kongo

Wamama, wababa, ndugu vijana, na ninyi mlioamka usiku ili mfike hapa toka Kabare na Walungu, jambo kwenu.

Nitaanza na kikapu. Mama yangu alilima kwa bwasa, yaani shamba la kukodi kwa muda mfupi. Kila asubuhi, kabla ya jua kutoka, alichota mbolea ya mbuzi kwa jirani, akaijaza kikapuni, akaibeba mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, akapanda nayo mlima. Misimu mitatu. Msimu wa kwanza maharagwe yalitoka manjano, majani kama ya mgonjwa. Msimu wa tatu yalizaa mpaka miti tuliyoyasimikia ikainama. Siku ya kuvuna mwenye shamba alikuja, akachukua udongo, akauponda kwa vidole, akautazama sana. Wiki ile ile akamwambia mama bwasa imekwisha. Shamba likaenda kwa mtu aliyetoa zaidi, na mbolea yetu ikabaki mle.

Yule mzee hakuvunja makubaliano yoyote. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, ya msimu mmoja mmoja. Nimekuwa avoka, wakili, miaka mingi, na kesi za mashamba zinazoniletea uchungu zaidi zinafanana na hiyo: mkulima ana jembe, ana mbegu, ana nguvu, ana hata shamba la kukodi. Anachokosa ni muda.

Wazee mliokaa mbele mnajua desturi ya Bushi, nchi yetu Washi, kuliko mimi, mtanisahihisha. Kalinzi ni kutoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami, mtawala wetu wa jadi, au kwa murhambo anayemwakilisha, mbele ya mashahidi, ukapata ardhi ambayo watoto wako watairithi. Bwasa ni mkopo mfupi wa ardhi. Zamani uliulipa kwa kasiksi, pombe ya ndizi, au kwa siku za kulima, leo wengi wanalipa pesa mkononi. Na bwasa ina katazo lake: usipande kitu kinachodumu. Mgomba hapana, kahawa hapana, mti hapana. Kwetu mti ni ushahidi. Aliyepanda mgomba kesho atasema hapa ni kwangu, na majirani watamwamini. Kwa hiyo mwenye shamba anaogopa mche mmoja kuliko majembe kumi.

Ninaelewa woga wake. Lakini tazameni unachozaa. Mihogo kwenye milima hii inataka mwaka na zaidi ndipo ikomae. Maharagwe yanataka miezi mitatu hivi, minne yakiwa ya kupanda mitini. Ukipewa bwasa ya msimu A, toka Septemba mpaka Januari, umefungiwa kwenye maharagwe. Unga wa mihogo wa kupika fufu utaununua sokoni, na majani yake ya sombe pia, wewe mkulima. Nani atachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye shamba ambalo Februari si lake? Hakuna. Mvua inakuja, udongo unateremka bondeni, na mwenye shamba naye anabaki na mawe.

Sasa sheria. Tangu mwaka 1928 Comité National du Kivu, shirika la wakoloni Wabelgiji, ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ya huku kwetu, na walowezi wakapata mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Babu zetu wakageuka vibarua penye mashamba yao. Mwaka 1973 ulileta mambo mawili: sheria ya ardhi ya Julai 20, kisha, Novemba 30, Rais Mobutu akatangaza kuwa mashamba ya wageni yanapewa Wazairwa, ndilo jina letu Wakongo la wakati ule. Mkulima mdogo hakuwa katika foleni ile. Bwana alibadilika, kibarua akabaki kibarua. Jambo hili wenzetu wa Masisi wanaliita salongo: unalima siku kadhaa za wiki kwa mwenye konsesio, shamba kubwa lenye karatasi za Serikali, ili upate kipande cha kujilimia.

Kifungu cha 53 cha sheria ile kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Cha 387 kinaziweka humo hata ardhi za jamii za vijijini, na cha 389 kinaahidi kwamba haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Mwaka 2023, sheria ilipotimiza miaka 50, amri hiyo ilikuwa bado haijatoka. Miaka hamsini! Mtoto aliyezaliwa siku ile ana wajukuu. Ndani ya pengo hilo mwami anagawa kwa desturi, ofisi ya ardhi inagawa kwa karatasi, na mlima mmoja unapata wenyewe wawili. Mwenye bwasa anawaangalia wote wawili, hajui amlipe nani.

Msikate tamaa, kuna pa kushika. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sheria ya 1973 yenyewe inadai uchunguzi ufanyike kabla ya ardhi ya kijijini kutolewa, ijulikane nani anaitumia. Mkiona watu wa kupima wanatembea na kamba mlimani, msijifiche ndani. Tokeni, semeni mnalima nini na tangu lini, mhakikishe inaandikwa. Sitifika, hati ya ardhi, ikishatoka na miaka miwili ikapita, kuipinga ni kama kupiga ngumi mwamba.

Na kwa ninyi wa bwasa hasa, kuna kanuni ya mikataba ya Julai 30, 1888. Ni ya kikoloni, lakini kifungu chake cha 33 kinatufaa: walichokubaliana watu kihalali ni sheria kati yao. Basi mkubaliane kitu kinachofaa. Ombeni misimu minne au sita kwa mara moja. Mwenye shamba akiogopa miti, andikeni kwamba mpangaji hatapanda mti wala mgomba, na kwamba mwisho wa muda anarudisha shamba bila mabishano. Mpeni usalama huo kwa maandishi, naye awape muda. Andikeni mipaka kwa vitu vinavyoonekana: toka jiwe kubwa mpaka mfereji. Andikeni bei, na kwamba haipandi katikati. Andikeni kwamba kilichopandwa atakivuna aliyekipanda, hata shamba likiuzwa. Kila upande ulete mashahidi wawili, na shefu wa kijiji aweke sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole, baada ya kusomewa kwa mashi, lugha ya Bushi, au kwa Kiswahili, lugha anayoota nayo.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama anaweza kutia sahihi bila bwana yake. Sheria ya Familia ya 1987 ilimdai mke aliyeolewa ruhusa ya mume. Marekebisho ya Julai 15, 2016 yaliondoa hilo. Sasa mke na mume wanatakiwa kukubaliana, na hilo linamfunga mume vilevile. Kwa hiyo, mama, unapokodi shamba kwa baba fulani, uliza mke wake yuko wapi, naye atie sahihi. Nimeona bwasa nyingi zikifa kwa sababu mume alikodisha shamba ambalo mke wake alikuwa ameshalitayarisha kulima.

Mkiona mtu anang'oa mimea yenu shambani, msiende na panga. Kuharibu mazao ya mwingine kwa makusudi ni kosa la jinai. Iteni mashahidi siku hiyo hiyo, pigeni picha kwa simu, hesabuni mistari iliyong'olewa.

Nimeleta madaftari na kalamu, na wanafunzi wangu wawili watawaandikia bila kulipa. Tutaanza na wale ambao wamekuja pamoja na wenye mashamba yao. Nimewaona, wako pale dirishani, karibuni mbele.