"Sì" Peke Yake Haitoshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Hapa Malindi Kiitaliano si lugha ya vitabuni. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, na leo kijana wa ufukweni huanza kukiongea kabla hajakisoma. Tatizo letu ni kwamba mgeni anasimulia, nasi tunaitikia "sì, sì, sì", ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka anahisi tunamharakisha amalize.

Akisema "Fa caldo oggi", leo joto, mjibu "Eh, infatti". Umemwambia: ndivyo, hata mimi naliona. Neno hili halipingi kitu, linathibitisha. "Esatto" ni la jambo lililo sahihi. "Appunto" tumia kwa uangalifu, kwa sababu lina harufu ya "si ndivyo nilivyosema?" Na "umesema kweli" ni "ha ragione" kwa mtu mzima usiyemzoea, "hai ragione" kwa rika lako. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ninalolipenda kuliko yote ni "eccome". "Ti è piaciuto il pesce?" Umempenda samaki? "Eccome!" Si kidogo! Ikazeni hiyo k: ek-ko-me. Ulimi wetu haujazoea kuikalia konsonanti, na ukiipitia haraka neno linapoa.

Sasa nisikilizeni hapa. Sisi tukisema kitambaa ni cheupecheupe, tumepunguza: kina weupe fulani, si weupe kamili. Mwitaliano akisema "bianco bianco" ameongeza: cheupe pepepe! "Un caffè caffè" ni kahawa hasa, kahawa yenyewe. Kwa hiyo ukimsifia chumba kuwa "bello bello", kizuri hasa, usiogope kwamba umekishusha. "Piano piano" nayo mmeshaijua, ni polepole yetu ile ile.

Kukana nako kuna mkazo wake. "Non è mica lontano": wala si mbali. Mica, tamkeni mika, asili yake ni neno la Kilatini la chembe ya mkate. Nasi husema "hata chembe". Nilipoligundua hilo nilifurahi siku nzima.

Halafu kuna "magari", linalotamkwa sawasawa na magari yetu ya barabarani. Mgeni ukimuuliza, "Torna l'anno prossimo?", utarudi mwakani, naye akajibu "Magari!", usiende kumwandikia chumba. Hajakubali. Amesema "laiti!", anatamani tu. Likija katikati ya sentensi, mara nyingi ni "labda".

Haya, mstari wa mbele tuanze. Mimi ni mgeni, nimetoka kula: "Buono, questo polpo!" Pweza huyu mtamu! Wewe mama, nijibu, na usiniambie "sì".